Taa ya dagaa inayofunguka: mwongozo kamili wa kuitengeneza ili idumu na irudi kazini

Taa ya dagaa, ile inayoelea ziwani usiku kuwavuta dagaa, ikizima katikati ya giza, mara nyingi kilichokufa ni kitu kimoja: balbu, seli moja, au waya ulioliwa na kutu. Lakini kwa kuwa fundi aliimwagia silikoni kila mahali ili maji yasiingie, hakuna njia ya kukifikia hicho kimoja. Taa nzima inatupwa, na betri yake inaishia kwenye mchanga wa mwalo au chini ya ziwa.

Wanaojaribu kutengeneza taa inayofunguka nao hukwama palepale: maji yanaingia ndani ya wiki ya kwanza, wanakata tamaa, wanarudi kwenye silikoni. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Taa inayoelezwa hapa ina balbu ya wati 7, inawaka usiku kucha, inafunguliwa kwa mikono, bisibisi moja na spana moja, na kila kinachoweza kufa kinabadilishwa peke yake. Vitu karibu vyote vinapatikana Mwanza mjini kwenye maduka ya mabomba, ya sola na ya spea za pikipiki.

## Kanuni mbili kabla ya kukata chochote

Kinachoweza kufa kisigandishwe. Gundi inaruhusiwa sehemu mbili tu: kitako cha bomba na shingo ya kifuniko chake, kwa sababu hapo hakuna kitu cha kufa.

Kila tundu ni adui. Bomba la betri tutakalotengeneza lina tundu moja tu. Ukijikuta unatoboa la pili kwa ajili ya swichi au taa ndogo ya kuonyesha chaji, acha drili chini ufikiri upya.

## Vifaa vya taa moja

Bomba la betri
- Bomba la PVC la milimita 110 (inchi 4), sentimita 35. Chukua lile nene la maji safi lenye ukuta wa kama milimita 4, si lile jembamba la maji taka.
- Kitako kimoja cha kugundisha, na gundi ya bomba.
- Kifuniko cha hesi chenye oringi (pete ya mpira ya kuzibia maji), kile cha kuzibulia mabomba ya maji taka, pamoja na shingo yake. Chagua chenye sehemu bapa katikati.
- Glandi moja ya waya, PG7, yaani kibano kinachoshika waya na kuziba tundu lake.

Betri
- Seli 4 za lithiamu za volti 3.2, ampea-saa 6 (Ah 6), zilizoandikwa LiFePO4, ukubwa wa 32700 (kipenyo milimita 32, urefu 70). Chukua zenye bolti vichwani, si za kuunganisha kwa kulehemu.
- Bodi ya ulinzi, mafundi huiita BMS, ya seli 4 za LiFePO4, ampea 10.
- Fimbo ya hesi M6, sentimita 15. Nati mbili za kawaida na moja ya masikio.
- Plaiwudi ya milimita 6 ya kukata duara mbili.
- Fyuzi ya bledi ya ampea 3 na soketi yake.

Kichwa cha taa
- Balbu ya LED ya DC, volti 12–24, wati 7, kitako cha kuskrubu E27, na holda yake.
- Mtungi wa pipi wa plastiki angavu wenye mdomo mpana na kifuniko cha hesi. Wenye maduka huutupa pipi zikiisha, uombe.
- Glandi nyingine ya PG7.

Chelezo
- Madumu 4 ya lita 5 yenye vifuniko vizima.
- Mbao za inchi 2 kwa 2: mbili za sentimita 60, nne za sentimita 40, na kipande cha ubao cha sentimita 20 kwa 20.
- Tyubu kuukuu ya pikipiki, ya kukatia mikanda na washa.
- Chupa ya plastiki ya lita 1.5 iliyojaa mchanga.

Vya pamoja
- Waya wa nyuzi mbili wenye ganda la duara, unene wa jumla milimita 5 hadi 6, mita 1.5.
- Jozi ya plagi za pini mbili zisizoingiza maji, zile za taa za pikipiki.
- Bolti, nati na washa za stenlesi M4 na M6. Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo stenlesi ya kawaida inatosha.
- Grisi ya silikoni, kopo dogo. Usitumie grisi ya gari: inavimbisha aina nyingi za mipira ya mabomba, na oringi iliyovimba haikai tena kwenye mfereji wake.
- Paneli ya wati 20 na kidhibiti chaji chenye chaguo la LiFePO4.

Zana: multimita, drili yenye kekee za milimita 4, 6 na 12.5, msumeno wa chuma, msasa, spana namba 10, bisibisi na pasi ya kulehemu.

Kuhusu silikoni: ukilazimika kuitumia mahali, inuse kwanza. Inayonuka siki inakula shaba na kuharibu LED. Hiyo ndiyo iliyoua taa nyingi ambazo wenyewe walidhani zimekufa kwa maji.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya usiku mmoja

Seli nne mfululizo zinatoa volti 12.8. Zidisha kwa Ah 6: wati-saa 76.8. Usizimalize zote, hesabu 65 za kutumia. Gawa kwa wati 7, unapata saa 9, kuanzia giza kuingia hadi karibu na alfajiri. Balbu ya wati 10 itakupa saa 6 na nusu.

Usiiamini lebo ya balbu. Iwashe kwenye betri, weka multimita kwenye ampea na usome. Ya wati 7 halisi inavuta kama ampea 0.55. Ikivuta 0.3, umeuziwa wati zisizofika 4. Kama unataka kuongeza wati, uliza kwanza BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) ya mwalo wako kuhusu kanuni za taa.

Wengine huuliza kwa nini si betri ya risasi ya volti 12, Ah 7, ambayo ipo kila duka. Sababu ya kwanza ni tepe: upande wake mdogo ni milimita 65 kwa 94, kona kwa kona 114, na ndani ya bomba letu ni milimita 102. Haiingii. Sababu ya pili ni hatari: betri ya risasi hutoa hewa ya haidrojeni ikichajiwa, na kuifungia ndani ya bomba lisilopumua ni kutengeneza bomu. Ya tatu, inapaswa kutumika nusu tu ya ujazo wake ili idumu, yaani wati-saa 42, saa 6 kwa balbu yetu. Kama unayo tayari, itumie nchi kavu.

## Hatua ya 2: Kaseti ya betri

Kata duara mbili za plaiwudi zenye kipenyo cha milimita 98. Toboa katikati ya kila moja tundu la milimita 6.

Panga seli nne mbili kwa mbili, chanya na hasi zikipishana: moja imesimama, jirani yake imepinduliwa. Katikati ya seli nne za milimita 32 hubaki uwazi wa milimita 13. Fimbo ya M6 inapita hapo. Ivalishe kwanza kipande cha mpira wa maji au ganda la waya mnene, urefu wote unaopita kati ya seli. Fimbo tupu ikigusa seli mbili zilizochubuka, utauona moto.

Unganisha seli mfululizo kwa vipande vya shaba na nati zake. Kaza hadi kipande kisicheze, kisha acha. Hesi ya kichwa cha seli ni laini na ikivuliwa seli imekwenda.

Sasa waya tano za kupimia za bodi ya ulinzi. Hapa ndipo bodi nyingi huungua. Zifunge kwenye seli kabla ya kuchomeka kiunganishi chake kwenye bodi, ukianza na hasi kuu. Kisha pima kwenye kiunganishi, ncha hasi ya multimita ikiwa kwenye waya wa kwanza. Unapaswa kusoma takribani 3.3, 6.6, 9.9 na 13.2, kwa mpangilio huo. Namba ikiruka au ikirudi nyuma, umepishanisha waya. Rekebisha, pima tena, ndipo uchomeke.

Hakikisha bodi imeandikwa LiFePO4. Ile ya lithiamu ya kawaida ya seli 4 inafanana nayo kabisa kwa sura, ila inaruhusu kila seli ifike volti 4.2, wakati seli zako kikomo chake ni 3.65. Taa itawaka vizuri tu, na seli zitavimba taratibu.

Funga duara za plaiwudi juu na chini, kaza nati, na juu weka nati ya masikio yenye kitanzi cha kamba cha kuvutia kaseti. Fyuzi ya ampea 3 ikae kwenye waya chanya, juu ya kaseti, mahali unapoifikia kwa vidole. Chini gandamiza kipande cha soli ya kandambili kuukuu ili kaseti isigongegonge.

Umefaulu kama: kaseti inateleza ndani ya bomba bila kusukumwa, inatoka kwa kuvutwa kamba, na multimita kwenye waya za kutokea inasoma volti 12.8 hadi 13.4. Ikisoma sifuri na seli ziko sawa, usihangaike; baadhi ya bodi huamka tu zikiguswa na chaja kwa mara ya kwanza.

## Hatua ya 3: Bomba

Kata bomba sentimita 35, ncha zikiwa mraba. Zungushia karatasi ukingoni uwe mstari wa kufuata, kwa sababu macho hudanganya kwenye mviringo. Sugua ncha kwa msasa, paka gundi bomba na kitako, sukuma huku ukizungusha robo mzunguko, shikilia nusu dakika. Juu gundisha shingo ya kifuniko cha hesi. Acha masaa 24.

Toboa tundu la milimita 12.5 katikati ya kifuniko, hapo ndipo tundu pekee. Toboa polepole na ubao chini yake. PVC ikilazimishwa hupasuka nyufa za unywele usizoziona, na ziwa litaziona. Funga glandi na washa yake ya mpira kwa nje.

Kuhusu waya wa duara. Glandi hubana kwa kuzunguka. Waya bapa ule wa taa za nyumbani ukibanwa hubaki na mianya pembeni, na hakuna kukaza kutakakoiziba. Watu hukaza hadi glandi inavunjika, wanailaumu glandi.

Pitisha waya: sentimita 30 ndani, 30 nje. Zile 30 za ndani zinaonekana nyingi, lakini kifuniko kinazunguka mara tatu au nne wakati wa kufunga, na waya unazunguka nacho. Mfupi utakatika kwenye solda, ndani kabisa, bila dalili. Kabla ya kufunga, usokote waya mara tatu kinyume na mzunguko wa kufungia; ukifunga unajinyoosha wenyewe.

Oringi ipake grisi ya silikoni nyembamba, ing'ae tu. Ikikusanya donge, punje za mchanga hunata na kuikata. Kaza kwa mkono. Ukihitaji spana kukifunga, oringi imekaa vibaya.

## Hatua ya 4: Kichwa cha taa

Taa nyingi za kienyeji huelekeza balbu juu, halafu mtu anashangaa dagaa hawakusanyiki. Hii inaning'inia ikitazama maji.

Chukua ubao wa sentimita 20 kwa 20. Upande wa chini upake rangi nyeupe, urudishe mwanga majini. Toboa ubao na kifuniko cha mtungi pamoja, ili matundu yalingane: moja la milimita 12.5 kwa glandi na matatu ya milimita 4 kwa bolti. Kati ya kifuniko na ubao, na chini ya kila washa, weka duara za mpira zilizokatwa kwenye tyubu. Bolti zipite kifuniko na ubao, nati ziwe juu. Shingo ya glandi ikiwa fupi kuliko unene wa ubao, panua tundu la ubao peke yake hadi nati yake ikae ndani.

Holda ifungwe kwa ndani ya kifuniko kwa skrubu zake. Skrubu balbu, kisha mtungi uskrubu kutoka chini. Balbu ibaki mbali na ukuta wa mtungi angalau upana wa kidole pande zote, kwa kuwa plastiki ya mitungi hii huanza kulegea karibu na nyuzi 70. Washa kwa saa mbili kivulini, kisha shika mtungi: mkono uvumilie kukaa. Usipovumilia, balbu ni kubwa mno kwa mtungi huo.

Faida ya mtungi kuning'inia ni kwamba maji yakiingia yanatuama chini, unayaona asubuhi kabla hayajafika kwenye holda. Tupia ndani vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Paka shingo ya plastiki ya balbu, si sehemu ya chuma, rangi nyekundu. Kuna siku mtoto wa mtu ataichomeka kwenye umeme wa nyumbani.

## Hatua ya 5: Plagi ndiyo swichi

Waya unaotoka kwenye bomba umalizie na plagi jike, wa kichwa cha taa na dume. Daima upande wenye umeme uwe jike; pini zilizochomoza zikiguswa na ndoana au maji huleta shoti. Chanya iwe upande uleule kwa taa zote utakazotengeneza maisha yako yote.

Kuwasha ni kuchomeka, kuzima ni kuchomoa. Na plagi hiyohiyo ndiyo ya kuchajia, kwa hiyo kifuniko cha bomba hakifunguliwi kila siku. Oringi inayofunguliwa kwa nadra huishi sana.

Usichubue ganda la nje la waya popote. Maji yakipata kijitundu husafiri ndani ya ganda, kati ya nyuzi, yanapita glandi iliyokazwa vizuri na kutokea kwenye betri. Ukiona glandi ni kavu nje na ndani kuna maji, tafuta mchubuko, usikaze glandi.

## Hatua ya 6: Jaribio la ndoo

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo wanapofeli.

Maji hayaingii kwenye taa kwa sababu ya mawimbi. Yananyonywa. Ukifunga bomba saa nane mchana hewa ya ndani ikiwa nyuzi 40, kisha ukaliweka ziwani kwenye nyuzi 25, hewa inasinyaa karibu asilimia 5. Nguvu hiyo ya kunyonya ni sawa na kulizamisha bomba zaidi ya sentimita 40 chini ya maji. Oringi yenye punje moja ya mchanga haiwezi kushindana nayo.

Kwa hiyo jaribu hivi, bila betri:

1. Weka karatasi ya gazeti kavu ndani, ikigusa ukuta na kitako.
2. Acha bomba juani saa moja likiwa wazi, kisha lifunge lingali na joto.
3. Lizamishe papo hapo kwenye pipa la maji baridi, likiwa limelala. Bomba hili tupu lina nguvu ya kuelea ya kama kilo 2, kwa hiyo weka jiwe la kilo 4 au 5 juu yake.
4. Subiri saa moja. Toa, futa nje kabisa, fungua ukiwa umeinamisha mdomo chini.

Gazeti liwe kavu kote. Doa karibu na kifuniko ni oringi. Doa katikati, ni glandi au waya. Doa chini, kitako hakikushika. Kikate, weka kingine. Rudia hadi upate gazeti kavu mara mbili mfululizo.

Katika matumizi, funga bomba asubuhi mapema au jioni.

## Hatua ya 7: Chelezo

Funga mbao mbili za sentimita 60 msalaba, si moja kwa moja katikati bali zikiacha nafasi ya kupitisha bomba pembeni ya makutano. Bolti za M6, si misumari. Msumari hulegea ukilowa na kukauka, na ukiung'oa ubao umekwisha.

Simamisha nguzo nne za sentimita 40 na juu yake ubao wa taa. Kila ncha ya msalaba ifungwe dumu la lita 5 kwa mikanda ya tyubu iliyovutwa kabisa na kuzungushwa mara nne. Madumu manne yanabeba kilo 20, mzigo wako wote ni mdogo kuliko huo kwa mbali. Hata dumu moja likitoboka, taa haizami.

Bomba la betri lifungwe wima, kifuniko kikiwa juu ya maji sentimita 5 au zaidi. Chini ya msalaba ning'iniza ile chupa ya mchanga kwa kamba ya sentimita 50. Bila hiyo, wimbi la kwanza la ubavuni linalaza taa.

Bomba hili likiwa na betri lina uzito chini ya kilo 2 na linasukuma maji zaidi ya lita 3. Yaani hata mikanda ikikatika, linaelea peke yake. Lipake rangi ya chungwa ili lionekane asubuhi.

## Hatua ya 8: Kuchaji

Paneli ya wati 20, jua kamili la saa 5, toa upotevu wa theluthi: unapata kama wati-saa 65 hadi 70. Inatosha siku nyeupe. Msimu wa masika chukua ya wati 30.

Unganisha kidhibiti kwenye betri kwanza, paneli baadaye. Kutenganisha ni kinyume chake. Kiweke kwenye LiFePO4, volti 14.4. Paneli iwe juani, bomba liwe kivulini. Paneli ya moja kwa moja bila kidhibiti hufika volti 21 na zaidi, na bodi ya ulinzi haikuwekwa ili ifanye kazi ya kidhibiti kila siku.

## Hatua ya 9: Kumi badala ya moja

Taa moja inayofunguka ni mali ya fundi aliyeitengeneza. Kumi zinazofanana ni mali ya mwalo mzima, kwa sababu taa iliyovunjika kichwa inaikopesha betri yake taa iliyopasuka bomba.

Tengeneza violezo vya plaiwudi: kimoja cha tundu la kifuniko cha bomba, kimoja cha ubao wa taa, kimoja cha kaseti. Usipime kwa tepe kila mara. Tepe huteleza milimita mbili, na milimita mbili zinatosha kukataa bolti. Ukimaliza kumi, chukua kaseti ya taa ya tatu uiweke kwenye bomba la saba, na kichwa cha saba kwenye chelezo cha tatu. Chochote kikihitaji nyundo, kiolezo kina kasoro.

Ndani ya kila kifuniko weka karatasi iliyofungwa kwenye nailoni: tarehe ya seli, fyuzi ampea 3, balbu E27 DC wati 7, oringi kipenyo na unene wake, upande wa chanya. Fundi wa kisiwa cha Ukerewe au Kome atakayeifungua miaka mitatu baadaye asilazimike kukisia. Fundi anayekisia huishia kununua silikoni.

Ukiuza, uza na amana, kama chupa ya soda. Bei ya taa iwe na kiasi ambacho mvuvi anarudishiwa akileta kaseti iliyochoka. Bila amana seli hazirudi, hata umhubirie vipi.

## Ikigoma

Inazima baada ya saa tatu, ilikuwa inafika alfajiri. Chaji ijae, iache ipumzike saa moja, pima seli moja moja. Nzima husoma kati ya 3.3 na 3.4. Iliyo chini ya wenzake kwa zaidi ya volti 0.1 ndiyo mgonjwa. Ukibadilisha, chaji mpya peke yake hadi ijae, na zile tatu ziwe zimejaa, ndipo uziunge. Seli iliyoshuka chini ya volti 2 usiifufue.

Inawaka na kuzima mawimbi yakija. Balbu imelegea kwenye holda, au pini ya plagi imepanuka. Ibane pini kidogo kwa koleo.

Fyuzi inakatika kila unapochomeka. Kuna shoti upande wa kichwa. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, wala msumari.

Mtungi una ukungu ndani. Vipakiti vya kukausha vimeshiba. Vianike juani juu ya bati siku nzima.

## Kazi za mbalamwezi

Mwezi ukikomaa dagaa hawafuati taa na mitumbwi inapumzika. Siku hizo ndizo za matengenezo: fungua kifuniko, futa oringi kwa kitambaa kisichochanika nyuzi, ikunje kati ya vidole uone kama ina mipasuko, paka grisi upya. Kagua waya mzima kwa kuupitisha mkononi. Kaza nati za seli. Betri ya lithiamu ikipumzika ikae karibu nusu ya chaji, kivulini. Kuiacha imejaa pomoni siku kumi kwenye joto la bati ni kuizeesha bure.

Oringi ya akiba iwe ndani ya kila bomba, imefungwa kwenye nailoni pamoja na ile karatasi. Ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapa, na ndicho kisichopatikana ukiwa kisiwani.

Seli zilizokufa, ziba ncha zake kwa tepu ya umeme, zipange kwenye ndoo kavu yenye mchanga, mbali na jiko. Zisitobolewe, zisichomwe, zisirudi majini. Ndoo ikijaa, mpe mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira. Ila kabla ya kuiweka seli kwenye ndoo, pima mara ya mwisho: yenye uwezo wa kushika nusu ya chaji yake haitoshi usiku wa ziwani, lakini nne za namna hiyo zinawasha balbu ya wati 3 kwenye kibanda cha kuanikia dagaa hadi watu walale.